SAMAKI WA KUTUPWA: NANI ATAULIZWA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vya nchi kavu na vya majini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu,

Ijumaa iliyopita, baada ya darsa, kijana mmoja aliniuliza hivi: «Shehe, nimesikia kwamba wavuvi wa Ulaya walikuwa wakitupa baharini samaki wazuri wa kuliwa, kwa sababu sheria iliwakataza kuwaleta bandarini. Sasa dhambi ni ya nani, ya mvuvi ama ya sheria?» Nilimjibu kwa ufupi, kwani Alasiri ilikuwa imekaribia. Leo nataka nimjibu vizuri, maana swali hili linatugusa hata sisi.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwei, samaki walipungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Nchi za Umoja wa Ulaya zikaweka kipimo: kila mwaka kila nchi ipewe tani zake kwa kila aina ya samaki, wala isizidishe. Nia ilikuwa njema. Lakini wavu hauchagui. Mvuvi anakwenda kutafuta aina moja, wavu unaleta aina tano. Tuseme kipimo chake cha samaki yule ambaye akitiwa chumvi sisi tunamwita makayabu kimekwisha, naye bado anaingia wavuni. Akimfikisha bandarini ni kosa. Basi anamrudisha majini, na mara nyingi amekwisha kufa. Wengine walitupwa kwa kuwa ni wadogo, wengine kwa kuwa bei yao ni ndogo na mwenye meli anataka nafasi ya kuweka wa bei kubwa. Waliopinga jambo hili walisema kwamba katika bahari ile karibu nusu ya samaki waliovuliwa walitupwa. Na kwa dunia nzima, shirika la FAO la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba samaki wa kutupwa baharini walifika tani kama milioni 9 kwa mwaka.

Ndugu yangu, linganisha hayo na habari ya jeshi la Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.). Walikuwa watu mia tatu, na njaa iliwafikisha mahali ambapo chakula cha mtu kwa siku kilikuwa tende moja. Bahari ikawatupia samaki mkubwa sana. Walimla siku nyingi mpaka miili ikarudi na nguvu, na kilichobaki wakakichukua kama akiba mpaka Madina. Mtume (S.A.W.) aliwaambia kuwa ile ni riziki aliyowatolea Mwenyezi Mungu, akataka sehemu yake, akaila. Ndivyo riziki ya bahari inavyopokelewa: mwenye njaa anakula, na aliye mbali anawekewa fungu lake.

Sasa tuje kwenye swali. Mvuvi atasema: «Mimi nimetii serikali. Nikiwaleta nitatozwa faini, na watoto wangu watakula nini?» Aliyeandika sheria atasema: «Mimi nilitaka kulinda samaki wasimalizike.» Mnunuzi sokoni atasema: «Mimi sikujua.» Kila mmoja ana udhuru, na samaki wamekwisha kuoza.

Dini yetu haikubali dhuluma ikose mwenyewe. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mvuvi ataulizwa kwa kadiri ya uwezo aliokuwa nao, maana aliyelazimishwa hahesabiwi sawa na aliyechagua. Aliyetupa kwa kutafuta bei ataulizwa zaidi. Na aliyeandika sheria, akishaona kwamba inaharibu kile alichotaka kukilinda, kisha akaiacha iendelee, huyo nia yake ya kwanza haitamtosha. Mnakumbuka habari ya watu wa Sabato katika Sura Al-Aaraf. Wale walikatazwa kuvua siku moja, wakafanya hila: wakashika neno la sheria, wakaua maana yake. Kule Ulaya hapakuwa na hila mwanzoni, lakini mwisho ulifanana: neno lilibaki kitabuni, maana ikafa. Sheria ya kulinda samaki ikawa inawaua bila kumlisha mtu.

Je, aliyekuwa mbali, asiye mvuvi wala waziri, yeye ataulizwa nini? Mtume (S.A.W.) alitupangia daraja tatu tukiliona baya: kuliondoa kwa mkono, asiyeweza aseme kwa ulimi, asiyeweza alichukie moyoni, na hiyo ya mwisho ndiyo imani dhaifu kabisa. Mwaka 2010 mpishi mmoja Mwingereza, Hugh Fearnley-Whittingstall, aliamua kutumia ulimi. Alianzisha kampeni, na mwezi wa Januari 2011 akaonyesha katika televisheni namna samaki wanavyomwagwa baharini. Aliomba watu watie sahihi. Kidole kimoja hakivunji chawa: sahihi zikapita laki nane. Bibi Maria Damanaki wa Ugiriki, aliyesimamia mambo ya uvuvi katika Umoja wa Ulaya, naye alitaka desturi hiyo ikome. Tarehe 6 Februari 2013 Bunge la Ulaya lilipiga kura, 502 wakakubali mabadiliko na 137 wakakataa. Sheria mpya ikaanza kutumika kidogo kidogo kutoka 2015 hadi 2019: samaki wa kipimo aliyevuliwa aletwe bandarini, ahesabiwe. Walioona haiwezekani walijibiwa na mfano wa Norwei, iliyoanza kukataza utupaji mwaka 1987.

Lakini habari haikuishia hapo. Hata baada ya 2019, Tume yenyewe ya Umoja wa Ulaya ilikiri kwamba wengi hawaifuati sheria hiyo vizuri. Bandari iko mbali, ni usiku, mkaguzi hayupo. Nani ataona? Hapo ndipo sheria inapohitaji taqwa. Mwenye taqwa anajua kwamba hakuna bahari yenye giza mbele ya Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, sikuandika haya ili tuwacheke Wazungu. Mimi mwenyewe nina deni. Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha chuo cha Qur'ani kando ya Ziwa Tanganyika. Usiku mmoja wa giza ndakala walitoka wengi sana. Asubuhi mwenye mitumbwi akaona kwamba bei itaanguka, akaamuru beseni nyingi zimwagwe ziwani. Wajane walikuwa wamesimama pale na vyombo vyao vitupu. Mtu yule alikuwa akisaidia chuo chetu, na asubuhi hiyo alinipa beseni moja kwa ajili ya wanafunzi. Niliipokea, nikamwombea dua, nikaenda zangu. Sikusema neno. Hakuna sheria iliyonifunga ulimi. Ilinifunga beseni ile. Watu laki nane walisema juu ya wavuvi wasiowajua hata kwa jina. Mimi nilikuwa na mtu ninayesalimiana naye kila siku, nikanyamaza. Tangu siku ile, kila ninaposoma katika Sura Al-Israa namna wabadhirifu walivyohesabiwa katika udugu wa mashetani, najiuliza aliyewaombea dua amehesabiwa wapi.

Basi, ewe msomaji, jibu la kijana wetu ni hili: dhambi inagawanywa, na fungu la anayenyamaza halikosekani. Kwa hiyo:

1. Wewe mwenye mtumbwi au meza sokoni, usingoje samaki waoze ndipo ukumbuke maskini. Toa sadaka wakiwa wangali wazuri.

2. Wewe unayeona, nenda kwa mwenye kosa kwa adabu, peke yenu wawili. Asiposikia, chukua wazee. Na kama ni kanuni ya sokoni au ya serikali inayoharibu, tuandike barua pamoja, kila mtu atie sahihi yake. Hiyo si fitina, ni nasiha.

3. Na sisi maimamu na waalimu, tuchunguze zawadi tunazopokea. Zawadi inayonyamazisha haki ni rushwa, hata ikiletwa mlangoni mwa msikiti.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyaona tukanyamaza. Tujaalie tuipokee riziki yako kwa shukrani, tuigawe kwa haki, na tusiitupe wakati ndugu zetu wana njaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukimaliza kusoma usiitupe chini, mpe jirani.)