Daftari la Mangi na Fedha za Sikukuu

Desemba ikiingia, fedha za mitaani Dar es Salaam hubadili njia. Mwaka mzima zimekuwa zikipita dirishani kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kidogo kidogo: robo ya sukari, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, kiberiti. Mara nyingi hata fedha yenyewe haikuwapo, ila ahadi kwamba mwisho wa mwezi itakuja. Kisha vikoba vinavunjwa, mishahara inatoka mapema kwa ajili ya sikukuu, na mtu anashika noti nyingi kwa mkupuo. Hapo ndipo anapoona kwamba duka la mtaani halimtoshi. Zawadi, kwa mawazo yetu, sharti itoke mbali: kwenye jengo lenye viyoyozi, au kwenye simu, iletwe na kijana wa bodaboda.

Sina ugomvi na viyoyozi. Ninachojiuliza ni kwa nini tumeyagawa maduka yetu hivi, moja la kukopa na jingine la kulipa taslimu.

Daftari la Mangi linastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kaunta buku nene, jalada limelegea, limebanwa kwa mpira. Kalamu imefungwa uzi kwenye nondo za dirisha isije ikaondoka na mteja. Ndani hamna majina ya kwenye vitambulisho. Kuna Mama Neema, Fundi Redio, Baba Mapacha, Mwalimu, Dada wa Saluni. Mbele ya kila jina pana tarakimu. Zilizolipwa zimekatwa mstari, zisizolipwa zinasubiri. Hakuna dhamana, hakuna riba, hakuna fomu ya kugongwa muhuri na serikali ya mtaa. Mkopo wote huo unasimama juu ya jambo moja: Mangi anakuona ukipita kila asubuhi, na wewe unajua kwamba anakuona.

Nchi hii imewahi kuonja maisha bila duka la namna hiyo. Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Maduka, na sehemu nyingi maduka ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondoa mlanguzi. Lakini mwenye duka anajua nani anahitaji nini na lini, na ujuzi huo haupatikani kwa waraka. Operesheni haikudumu. Baadaye, vita vya Kagera vilipoumaliza mfuko wa taifa, bidhaa zikaadimika, watu wakapanga foleni za sukari na khanga. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi mche wa sabuni ulivyokuwa zawadi ya kupokelewa kwa mikono miwili. Milango ya biashara ilianza kufunguliwa mwaka 1984, ikapanuliwa zaidi na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, na vidirisha vya nondo vikachipuka tena kila kona.

Maduka makubwa nayo tumeyaona yakija na kuondoka. Shoprite iliwauzia Nakumatt maduka yake ya Tanzania mwaka 2014. Uchumi ikafunga mwaka uliofuata. Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache baadaye, na Game ikafunga mwaka 2022. Sisemi hayo kwa kuwacheka. Wafanyakazi wao walikuwa ndugu zetu. Ila kampuni hufuata hesabu zake, na hesabu zikikataa, inafunga virago. Mangi naye ana hesabu, na zake ni ngumu zaidi, lakini watoto wake wanasoma shule moja na wako, na msiba ukitokea mtaani jina lake limo kwenye orodha ya rambirambi.

Kuna watakaosema kwamba duka dogo ni ghali. Ni kweli, kwa baadhi ya vitu. Mangi hanunui kontena. Anakwenda Kariakoo kwenye maduka ya jumla, anachukua katoni mbili tatu, anazipakia kwenye bajaji, na nauli hiyo lazima ionekane kwenye bei. Lakini ndani ya bei hiyohiyo umo usumbufu wa kukukatia robo, wa kufungua saa kumi na mbili asubuhi, na wa kukusubiri hadi tarehe thelathini. Ukiupima mfuko wa sukari peke yake, duka kubwa linashinda. Ukijumlisha na mengine, mizani inakaribia kulingana.

Wala sitetei vya kwetu kwa ushabiki. Baadhi ya vilivyomo kwa Mangi vimetoka China, kama vilivyomo kwenye jengo la viyoyozi. Kama mwanao anahitaji kompyuta, nenda inakouzwa kompyuta. Nazungumzia yale ambayo mtaa unayo na sisi tunayaruka: kitenge kishonwe na fundi wa barazani, sare kwa mama na binti, jozi ya khanga kwa shangazi anayekwenda kijijini, kikapu cha Iringa kilichosukwa kwa milulu, kijazwe mchele na majani ya chai kwa ajili ya wazazi. Hivi vikifika, mpokeaji huuliza nani kashona, nani kasuka, na mtoaji ana jibu.

Tena ununuzi wa namna hii huzaa vitu ambavyo hakuna aliyevitarajia. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 hapahapa Dar es Salaam, juu ya vibao, kwa rangi za kupaka baiskeli, akauza picha zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake waliendelea, wakafundisha wengine, na leo mtindo unaobeba jina lake unatambulika duniani kote. Ulianza kwa wapita njia waliosimama, wakatoa fedha, wakaondoka na kibao chini ya kwapa. Wengi wao walikuwa wageni. Wenyeji tulichelewa kusimama.

Lakini kumuunga mkono mwenye duka dogo si kumwonea huruma, na huruma ndiyo inayotuharibia jambo hili. Mtu anayenunua kwa huruma hujiona ametoa sadaka, kisha anadai punguzo. Mama wa vikapu tunamkaba koo kwa shilingi elfu moja. Kwenye duka lenye bei zilizobandikwa tunalipa tulichoambiwa na kusema asante. Fundi tunampelekea kitambaa tarehe 22 na kumtaka amalize tarehe 24, tena kwa nusu ya malipo, nyingine "baada ya sikukuu". Naye fundi asijifiche humo: ile "njoo kesho" inayorudiwa wiki nzima imewafukuza wateja wengi kuliko nguo yoyote ya dukani. Heshima ya biashara inadaiwa pande zote mbili za dirisha.

Kwa hiyo mwenye nia ya kuanzia mtaani kwake sikukuu hii aanze na daftari. Alipe deni kabla ya kununua chochote cha kufungwa kwa karatasi ya maua. Si vizuri mtoto wako avae viatu vipya kwa fedha ambayo nusu yake ni ya mtoto wa Mangi. Deni likishakatwa mstari, ndipo anunue, na zawadi asizikope. Kazi ya fundi aipeleke Novemba. Bei ikiwa ya haki, ailipe.

Na asidhani kwamba faida ni ya Mangi peke yake. Mtaji wa duka dogo ni mzunguko: fedha ya leo ndiyo mzigo wa kesho. Taslimu ya Desemba ikipita kando, Januari rafu zinakuwa na mapengo, na Mangi asiye na mzigo hana cha kukopesha, hata moyo wake ukitaka. Januari yetu tunaijua: ada, kodi ya nyumba, madaftari ya shule, na mshahara uliokwisha liwa. Anayeishika familia hadi mwezi ugeuke ni mtu wa dirishani, na anaishika kwa fedha tuliyomwachia sisi wenyewe wiki chache nyuma. Mwezi tulio na uwezo unamlipia mwezi tusio nao. Anayekula Desemba kwingine na kutaka kukopa Januari kwa Mangi, anamtaka agawe asichopewa.