Je, Atoaye Bure ni Mjinga?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Msemo huu tumeukariri tangu shule ya msingi, tukauandikia insha, tukapata vema zetu, tukaenda nyumbani. Lakini wahenga walikuwa wakizungumzia kumpa jirani: kibaba cha unga, au siku moja ya kumlimia mgonjwa shamba lake. Uliyempa unamjua, na akikupita njiani bila salamu utamsema. Je, unapotoa jasho lako kwa watu usiowajua, na wengine wao ni matajiri kukuzidi mara milioni, huo bado ni moyo? Au ni ujinga uliovishwa kanzu ya wema?

Naomba, ndugu msomaji, tulitazame swali hili kupitia kazi moja ya siku hizi: kuchangia msimbo kwenye maktaba ya programu huria.

Msimbo ni yale maandishi anayoyaandika mtu ili kompyuta itende kazi. Na maktaba ya programu si chumba cha vitabu. Ni mkusanyo wa vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa, ili anayetengeneza programu mpya asianze kila siku kufyatua tofali. Achukue zilizochomwa tayari, ajenge. Ikiwa huria, kila mtu anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuutumia, kuusahihisha na kuugawa. Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi yake ya GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akautoa Linux. Leo simu zote za Android tunazotembea nazo mjini zinaendeshwa na kiini cha huo huo Linux.

Mimi niliingilia mlango wa lugha. Nimemaliza kidato cha nne, naishi Nyahanga hapa Kahama, usiku naandika riwaya, na msimbo nimejifunza kwa kompyuta ya mtumba na bando la kuungaunga. Siku moja nikakutana na maktaba inayosaidia programu kutaja muda kwa lugha mbalimbali. Kwenye Kiswahili palikuwa na "saa limoja". Limoja, jamani! Nilicheka, kisha nikatafakari. Aliyeandika hakukurupuka. Watu husema "masaa" kama wasemavyo magari na matunda, na gari moja likifika tunasema "gari limefika". Ila "moja" hapo haivai kiambishi: gari moja, tunda moja, saa moja. Nikasahihisha neno hilo, nikaeleza sababu kwa mistari michache, nikatuma.

Mtunzaji wa maktaba, mtu asiyejua Kiswahili, akauliza: mbona mahali pengine "saa moja" imeelezwa kuwa ni wakati wa asubuhi? Nikamweleza kuwa neno ni lile lile ila lina kazi mbili, kutaja saa ya ukutani na kutaja urefu wa muda, na hapa tunataja urefu. Akapokea. Basi, kazi ikaishia hapo.

Nilipomsimulia binamu yangu, ambaye ni mchimbaji mdogo, aliniuliza swali moja tu.

"Umelipwa shilingi ngapi?"

"Sijalipwa, kaka."

"Na makampuni yakiitumia?"

"Yanaruhusiwa."

Akatikisa kichwa. "Dogo, hapo umeacha marudio."

Kwa asiyeijua lugha ya machimboni, marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuoshwa. Mchimbaji anaondoka na kidonge chake cha dhahabu, na marudio mara nyingi yanabaki kwa mwenye karasha. Huyo huyapeleka kwenye mtambo wa sianidi yakatoa dhahabu nyingine, na pengine ikazidi ile ya kwanza. Aliyeshuka shimoni kapata kidogo, mwenye mtaji kala kilichobaki. Hoja ya binamu si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba makampuni makubwa ya dunia yamejenga biashara juu ya maktaba za bure, na leseni nyingi haziwadai hata senti.

Hata hivyo mfano wake una ufa. Dhahabu ikichukuliwa imekwenda, na aliyeachiwa shimo kaachiwa shimo. Lakini sahihisho langu wakilichukua watu milioni moja, mimi bado ninalo, na wewe pia unaweza kulichukua. Isitoshe, sisi wenyewe tumechukua sana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili, na hilo liliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Na sisi pia tumetoa: Ushahidi, iliyoundwa Kenya Januari 2008 ili kuonyesha kwenye ramani vurugu za baada ya uchaguzi, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Kwa hiyo huwezi kusema Mwafrika ni wa kuchimba tu na wengine ni wa kuvuna.

Je, hapo nimemshinda binamu? La hasha. Kuna jambo alilolishika pasipo kulitaja. Msimbo haupungui, lakini mtu anapungua. Usiku wake unapungua, na macho yake, na subira yake. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na katika kazi hii buyu ni mtunzaji.

Aprili 2014 lilitangazwa tundu lililoitwa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba inayolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, mabenki yakiwemo. Ndipo dunia ikashtuka kugundua kuwa michango ya fedha kwa kazi hiyo ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Kisa cha pili kinatisha zaidi. Maktaba ya XZ, ya kubana mafaili, kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Ufini kwa kujitolea. Alikuwa amechoka, na watu wakamsonga: mbona unachelewa, mbona hujibu? Akajitokeza mwenye kujiita Jia Tan, mkarimu, mchapakazi, akasaidia kwa muda mpaka akakabidhiwa funguo. Mwaka 2024 ikabainika kwamba ameingiza mlango wa siri wa kuvamia kompyuta za watu. Aliyeugundua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa tu kwa nini kuingia kwenye kompyuta kumechelewa kama nusu sekunde.

Mwizi alipita pale penye uchovu. Na uchovu ule uliletwa na wachukuaji wasiouliza hali ya mtoaji.

Ndiyo maana nasema atoaye bure si mjinga, na hana deni kwa sababu ametoa. Mwenye deni ni mchukuaji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kampuni inayotajirika kwa maktaba ya mtu ilipe, au itoe wafanyakazi wake washike jembe hilo. Anayeitumia kama mimi, asiye na kitu, atoe kile kidogo anachokijua kuliko wengine. Mimi sikuwajua wakubwa wa msimbo, lakini "saa moja" naijua tangu kuzaliwa.

Ila vijana wenzangu, tusitoe ili tuonekane. Oktoba 2020, katika shindano la Hacktoberfest, fulana za bure ziliahidiwa kwa wachangiaji. Watunzaji wakafurikiwa na masahihisho ya kipuuzi, mtu kaongeza neno moja la sifa ili apate fulana. Kila upuuzi ule ulitaka mtu wa kuusoma na kuukataa. Kutoa namna ile ni kumwongezea mwenzio mzigo, kisha ukauita msaada.

Sisi tunaotaka kuwa waandishi tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko watu wote. Kiswahili tulikikuta. Mabaharia, wapagazi, wachuuzi na akina mama wa visimani walikichangia neno kwa neno, na hakuna aliyelipwa, wala hakuna jina lao mahali. Nikiuza riwaya yangu siku moja, nitakuwa nimeuza tofali zao. Sitaweza kuwalipa. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba mtoto atakayeifungua simu yake kesho hatajifunza kusema "saa limoja".