Neema ya Mkate wa Nyumbani

Huku Makere, wilayani Kasulu, ambako riziki ya kila siku aghalabu ni ugali wa muhogo au wa mahindi pamoja na maharage, mkate uliookwa nyumbani ni neema ya siku chache, nayo haipungukiwi heshima kwa uchache wake, bali huzidi. Unga wa ngano hununuliwa dukani, ilhali ule wa muhogo hauna mnato wa kuizuia hewa itokayo katika hamira, na kwa hiyo peke yake hauumuki. Basi mama aliyeazimia kuoka hukanda donge lake hata likawa laini, lisigandame vidoleni, akalifunika kwa kitambaa, akalisubiri lijae maradufu, ndipo akalitia katika sufuria iliyopakwa mafuta, akapunguza makaa ya chini na kuyazidisha ya juu ya kifuniko, kwa maana moto mkali wa chini huunguza kitako kabla moyo wa mkate haujaiva.

Kazi hii haitaki haraka, wala haifai kuhesabiwa kuwa israfu. Nyumba inayojinyima kidogo ili siku moja watoto, majirani na mgeni mpita njia wale mkate wa moto kwa chai, imeitumia mali yake kwa hekima. Basi, msomaji, ukijaaliwa kilo moja ya unga wa ngano, usingoje arusi wala sikukuu: chagua siku, oka, na kipande cha kwanza mpelekee jirani.