Je, Kitu Chaweza Kusema Uongo?

Tuna desturi ya kusema kwamba mtu fulani ni mwongo, lakini hatusemi kwamba bakuli ni mwongo, wala kiti, wala kasha. Uongo ni kazi ya ulimi, na vitu hivi havina ulimi. Hata hivyo, wako watu wanaokusanya vyombo na samani za kale kwa gharama kubwa, na aghalabu kilio chao ni kwamba kitu kimewadanganya. Yafaa tulichunguze jambo hili, kwani ndani yake limo swali linalomhusu kila mtu, awe na mali au asiwe nayo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilikwenda likizo moja kwa mjomba wangu, seremala katika mji wa pwani. Nilimkuta akitengeneza kasha la msaji lenye misumari ya shaba. Lilipokwisha, alilipaka chai nzito, akalipiga kwa mnyororo, akaimwagia misumari maji ya chumvi mpaka shaba ikafanya kutu ya kijani. Nikamwuliza, "Mjomba, mbona waiharibu kazi yako mwenyewe?" Akanijibu, "Mpwa wangu, aliyeniagiza ataka lionekane la miaka mia. Yeye ajua kuwa ni jipya, na amelilipia bei ya kasha jipya." Baada ya majuma machache tulilikuta kasha lile dukani, limebandikwa karatasi yenye maneno "La kale sana", na bei yake ilikuwa mara kumi ya ile aliyolipwa mjomba. Mjomba hakusema neno. Usiku ule hakula.

Ni nani aliyesema uongo? Kasha, mjomba, au mwenye duka?

Kabla ya kujibu, na tuangalie wafinyanzi wa Kichina. Kauri zao zilifika pwani yetu tangu zamani. Vigae vyake vimechimbuliwa kwa wingi katika magofu ya Gede, karibu na Malindi. Katika nchi ya China, kitako cha bakuli mara nyingi kiliandikwa jina la mfalme ambaye bakuli lilitengenezwa katika enzi yake. Basi, kauri za enzi ya Mfalme Chenghua, aliyetawala tangu mwaka 1464 hadi 1487, zilisifiwa mno kwa uzuri. Yapata miaka mia mbili baadaye, katika enzi ya Mfalme Kangxi, wafinyanzi wengi waliandika jina la Chenghua chini ya vyombo vyao vipya. Aliyekisoma kitako hicho bila kujua desturi angesema kwamba bakuli ladanganya. Lakini wataalamu hufundisha kwamba aghalabu alama ile iliwekwa kwa heshima, kama vile mzazi ampavyo mtoto jina la babu yake. Mtoto huyo hasemi kwamba yeye ndiye babu.

Hapa twaanza kuona nuru. Alama ni ile ile, maandishi ni yale yale, lakini maana yake yategemea wale wanaoafikiana juu yake. Mfinyanzi na mnunuzi wakiijua desturi, hapana uongo. Lakini mfanyabiashara wa leo akilichukua bakuli lile, huku ajua umri wake, akamwuzia mgeni kuwa ni la Chenghua hasa, uongo umezaliwa papo hapo, ijapokuwa bakuli halikuongezwa hata nukta moja.

Tutazame na mfano wa Uingereza. Seremala Thomas Chippendale alizaliwa mwaka 1718, akafanya kazi London, na mwaka 1754 akachapisha kitabu cha michoro ya samani. Mafundi wengi wa Uingereza na wa makoloni yake ya Marekani walikifuata. Yeye hakuwa na desturi ya kupiga muhuri wa jina lake juu ya samani zake. Nyingi zilizo zake kwa hakika zatambulikana kwa hati za malipo zilizobaki katika nyumba za matajiri waliomwagiza. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo. Kiti kiitwacho "Chippendale" chaweza kuwa kazi ya mtu asiyemwona kamwe, au aliyezaliwa baada ya kufa kwake mwaka 1779.

Kwa sababu hiyo, wauzaji waaminifu wa minadani wamejiwekea ngazi ya maneno. Wenye hakika husema, "Kazi ya fulani." Wenye shaka husema, "Inadhaniwa kuwa kazi ya fulani." Iliyotoka mikononi mwa wanagenzi wake huitwa "ya karakana ya fulani", na iliyoiga tu huitwa "kwa mtindo wa fulani". Mtu asiyejua aweza kuyaona maneno hayo kuwa maringo ya wenye fedha. La, hasha! Kila daraja ya ngazi ile ni kipimo cha ukweli: nasema kadiri nijuavyo, wala sipandi juu zaidi.

Sasa twaweza kumrudia mjomba. Alimwambia mteja wake kweli, na kwa hiyo twatamani kumsafisha. Lakini mnyororo hauongezi uzuri wa kasha, wala nguvu yake. Kazi yake ni moja tu: kumpumbaza mtu wa tatu, ambaye hakuwapo walipopatana. Wafinyanzi wa Kangxi waliazima jina ili kumheshimu mwenye jina. Mjomba aliazimisha mkono wake kwa ulimi wa mwingine. Kasha halikusema uongo, bali lilifundishwa uongo, na mwalimu wake alikuwa fundi hodari.

Tangu siku ile mjomba alichonga jina lake na mwaka ndani ya kifuniko cha kila kasha. Mteja yule hakurudi tena, na kwa muda mrefu pato la nyumba lilipungua. Sisemi kwamba baadaye alitajirika, maana hakutajirika.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba habari hii ni ya maseremala peke yao. Mghushi huandika jina kubwa juu ya kazi yake ndogo. Mwanafunzi anakiliye insha ya mwenziwe huandika jina lake dogo juu ya kazi isiyo yake. Wote wawili wamekifundisha kitu bubu kusema uongo. Kuiga si dhambi, kwani hakuna fundi asiyeanza kwa kuiga. Lakini ukiiga, sema kwamba umeiga. Na ukiwa huna hakika, shuka daraja moja ya ngazi. Njia ya mwongo ni fupi, nacho kifuniko cha kasha iko siku kitafunuliwa.