Kitabu cha Wakfu Hakifungiwi

Ndugu Waislamu wa Kisauni, Likoni na Changamwe,

Katika hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimo zilizoandikwa kuwa ni wakfu. Leo zimepigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na husomwa katika intaneti pasina malipo. Naye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa *Sahifa* hapa Mombasa mwaka 1930, aliiandika kwa Kiswahili ili asiyejua Kiarabu naye apate.

Je, sisi? Kabati la msikiti limefungwa, ufunguo haujulikani u kwa nani, na wasomaji ni mchwa! Mtume (S.A.W.) amewaonya vikali waifichao ilimu. Mpiga chapa ana haki ya jasho lake. Lakini cha wakfu ni haki ya msomaji. Basi tufungue, tuorodheshe, tuazimishe.

Wabillahi tawfiq.