Je, Ni Halali Wakala Kutoza Ada ya Kufanya Upya Mkataba wa Nyumba?

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Vijana wengi wa pwani yetu hukaa Nairobi kwa kutafuta riziki. Na kwa kuwa nyumba za katikati ya mji ni ghali, wengine huenda kupanga pembeni, mfano wa Mutuini, upande wa magharibi, mbele ya Kawangware na Waithaka, mahali ambapo mashamba ya zamani yamejengwa vyumba vya kupangisha. Mara nyingi mpangaji wa huko hamjui mwenye nyumba. Amjuaye ni wakala tu. Basi mwaka wa mkataba ukisha, naye ataka kubaki katika chumba kile kile, wakala humwambia: lipa kwanza ada ya mkataba mpya, mbali na kodi. Je, ada hiyo ni halali?

Twasema: na tutazame kwanza ada hii ni ujira wa kazi gani. Siku ya kwanza wakala alitafuta mpangaji, akamwonyesha chumba, akaandika mkataba. Hiyo ni kazi, na kila kazi ina ujira wake. Lakini mwaka wa pili hapana chumba kilichotafutwa wala mtu aliyetafutwa. Karatasi ni ile ile, imebadilishwa tarehe. Tuseme kodi ni shilingi 8,000 kwa mwezi, na ada ni shilingi 2,000. Mtu akikaa miaka 5, mkataba umefanywa upya mara 4, naye amelipa shilingi 8,000, yaani kodi ya mwezi mzima, kwa kubadilishiwa tarehe.

Ama sharia yetu, jambo hili liko wazi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuifuatayo watu wa pwani, kupangisha ni mkataba wa manfaa yenye kujulikana kwa ujira wenye kujulikana. Na wakala ni naibu wa yule aliyemweka. Ujira wake u juu ya aliyemweka. Huyu amewekwa na mwenye nyumba, humkusanyia kodi, na hupata fungu lake humo. Akimtoza na mpangaji kwa kazi hiyo hiyo, amelipwa mara mbili. Na Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa, aya ya 29, ametukataza kulana mali zetu kwa batili, akatuhalalishia biashara iliyo na kuridhiana baina yetu.

Huenda mtu akasema: mpangaji ametia sahihi, basi ameridhika. Jawabu yetu ni hii: mtu huyo ana watoto waliokwisha ingia skuli ya jirani. Akitoka, atakodi gari la kuhamisha vyombo, atoe amana mahali pengine, na kodi ya mwezi wa mbele. Wakala ayajua yote hayo, na ada yake ameikata kwa kuyapima hayo. Ridhaa ya mtu aliyebanwa ukutani si ridhaa.

Wala hatusemi kuwa kila malipo ni haramu. Ikiwa ada ilitajwa tangu mkataba wa kwanza, kiasi chake kikajulikana, na kuna kazi ya kweli iliyofanywa, hapo Waislamu wafungwa na masharti yao. Na ikiwa ni ushuru wa stempu, huo ni wa Serikali, na aonyeshwe risiti yake.

Sheria za nchi nazo zimeigusa dhulma hii. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi, sura ya 296, yakataza kudai malipo mengine juu ya kodi kwa ajili ya kumpa mtu nyumba au kumwongezea muda. Lakini sheria hiyo yahusu nyumba ambazo kodi yake haikupita shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vya kodi hiyo leo ni vichache. Na huko England, tangu tarehe 1 Juni 2019, mawakala wamekatazwa kuwatoza wapangaji ada ya kufanya upya mikataba yao. Watu wasiokuwa na Qur'ani wameiona dhulma hii wakaiondoa. Sisi tunaoisoma usiku na mchana twangoja nini?

Wala hatukuitaja Mutuini ili tuwalaumu watu wa bara. Hapa kwetu pia yupo Mwislamu mwenye majumba, huswali safu ya mbele, na mpangaji wake akimlalamikia hujibu: "Mimi sina habari, hayo ni ya wakala." Ewe ndugu, wakala ni mkono wako. Akidhulumu kwa jina lako, nawe wajua ukanyamaza, mmeshirikiana. Ikiwa kazi yake yastahiki ujira, mlipe kutoka katika kodi uipokeayo. Ikiwa haistahiki, kwa nini alipwe na maskini?

Na mpangaji naye ana wajibu wake. Alipe kodi kwa siku yake, asihame usiku na deni la watu. Ausome mkataba kabla ya kutia sahihi, aulize: "Mwaka ukisha nitadaiwa nini?" jawabu iandikwe, na kila shilingi aitoayo aitakie risiti. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yatuamrisha kuyaandika madeni yetu na kuyashuhudisha. Basi hapana aibu kuandikiana.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, na awatie wenye majumba huruma juu ya wanaolala chini ya mapaa yao. Amin.