Mwamerika Aliyepita Tana Asisikie

Hapa Golbanti, Mto Tana husema kabla ya kufurika. Maji hubadilika rangi, na wafugaji Waorma huanza kuhamisha ng'ombe. Mwaka nilipolima mahindi bondeni, mzee mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, ngoja kwanza." Nikamjibu kwa heshima, kisha nikapanda.

Kwa hiyo ninapomtaja William Astor Chanler, aliyepita mto huu akapuuza ishara kama mimi, simcheki. Alizaliwa Marekani mwaka 1867, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto, akarithi mali nyingi. Mwaka 1892 alianza safari kutoka pwani ya Lamu akafuata Tana kwenda bara, pamoja na Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria aliyewahi kufika Ziwa Turkana. Alikuwa na ngamia, punda, farasi na wapagazi wengi wa Zanzibar. Pesa haikuwa tatizo, na labda hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Ishara hazikukosa. Wanyama wakaanza kufa. Punda akifa, mzigo wake haufi naye: hupanda kichwani mwa mtu, na mtu huyo tayari ana wake. Wapagazi wakaanza kutoroka. Jamani, mtu anayeondoka usiku katika nchi asiyoijua, akiacha mshahara wake nyuma, ameshasema yote aliyokuwa nayo moyoni. Ukiona wa kwanza ameondoka, keti na waliobaki uwaulize. Usihesabu mizigo tu.

Mwaka 1893 kifaru alimjeruhi vibaya von Höhnel, ikabidi abebwe kurudishwa pwani. Mwenzake mwenye uzoefu hayupo, wanyama wamekwisha, watu wamechoka, na bado Chanler alitaka kuendelea kaskazini. Mwishowe wapagazi wengi walimwacha, naye akarudi pwani mwaka 1894 bila kufika alikokusudia.

Maisha yake hayakuishia hapo. Alipigana vita vya Cuba mwaka 1898, akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani, akakaa humo kuanzia 1899 hadi 1901. Safari yake aliiandikia kitabu, kikatoka mwaka 1896, na humo wapagazi wamelaumiwa sana.

Nami mahindi yangu yalipozama, niliulaumu mto. Yule mzee alikuwa amekaa kando, akinisikiliza.